Neno "cheap" lilikuwa soko kabla ya kuwa bei ya chini

Swali: Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi hii. Katika tangazo la viatu vya watoto nilikutana na neno la Kiingereza "cheap", nikaandika "viatu duni" kwa kuwa kamusi niliyotumia inatoa maana hiyo pamoja na nyingine. Mteja hakufurahi hata kidogo. Naomba unifafanulie asili ya neno hili, sababu ya kubeba maana mbili, na kama lina uhusiano wowote na mtaa wa Cheapside ulioko London.

Jibu: Uhusiano upo, na mtaa huo ndio mahali pazuri pa kuanzia. Cheapside ilikuwa soko kuu la London katika Zama za Kati, na hadi leo baadhi ya njia zinazotoka humo zina majina ya bidhaa, kama vile Bread Street, yaani mtaa wa mikate, na Milk Street, mtaa wa maziwa. Jina hilo halikuwa na maana kwamba vitu vya hapo viliuzwa kwa bei ya chini. Katika Kiingereza cha Kale "ceap" ilikuwa nomino iliyotaja biashara, mapatano ya kuuziana, bei, na hata mifugo, kwa kuwa mali ya watu wengi wakati huo ilikuwa ya miguu minne. Miji ya Uingereza yenye jina la Chipping, kama Chipping Norton, na mji wa Chepstow ulioko Wales, yote imepewa majina kwa sababu ilikuwa na masoko.

Neno lenyewe halikuzaliwa Uingereza. Wataalamu wengi wanalirejesha kwenye neno la Kilatini "caupo", yaani mchuuzi au mwenye nyumba ya wageni, ambalo makabila ya Kigermaniki yalilichukua mapema kutoka kwa wafanyabiashara wa Kirumi. Ndiyo maana Mjerumani anayenunua kitu husema "kaufen" na Mholanzi husema "kopen", na jina la mji mkuu wa Denmark, København, maana yake ni bandari ya wafanyabiashara.

Sasa nomino ya biashara iligeukaje kuwa kivumishi cha bei ya chini? Fikiria muuzaji wetu anayekuita sokoni na kukuambia, "Njoo, nitakufanyia bei nzuri." Neno "bei" hapo halisemi kama kitu ni ghali au la, kazi hiyo inafanywa na "nzuri". Waingereza walisema vivyo hivyo, "good cheap", yaani biashara nzuri kwa mnunuzi. Wafaransa bado wanasema "bon marché" na Waholanzi "goedkoop", na kote humo neno la uzuri limebaki mahali pake. Waingereza walilidondosha, na kufikia karne ya 16 "cheap" peke yake ilikuwa imebeba maana yote ya kirai kile. Inanivutia sana kwamba Kiswahili cha mitaani kimefanya kinyume kabisa, kwa sababu ukisikia mtu akisema "hicho ni kitu cha bei" hukosi kuelewa kwamba ni cha ghali.

Kutoka bei ya chini hadi ubora wa chini hapakuwa na safari ndefu, na mabadiliko hayo yanaonekana waziwazi katika tamthilia moja ya Shakespeare, sehemu ya kwanza ya Henry IV, iliyochapwa mwaka 1598. Mlevi Falstaff, ambaye baa anayoipenda iko Eastcheap, soko jingine la zamani la London, anatumia kirai cha zamani "good cheap" anapolalamikia gharama ya pombe anayomnywesha mwenzake. Katika onyesho linalotangulia hilo, mfalme anamkaripia mwanawe kwa kuchangamana ovyo na watu wa chini, akisema kwamba yeye mwenyewe asingepata taji kama angekuwa "cheap" machoni pa watu. Kiswahili kina neno linaloshika maana hiyo barabara: angekuwa amejirahisisha.

Neno "rahisi" tulilipata kutoka Kiarabu, "rakhis", lenye mzizi mmoja na "rukhsa" iliyotupatia "ruhusa". Kwa Waarabu linahusu hasa bei, nasi tukaliongezea maana ya kisicho kigumu. Kwa hiyo "talk is cheap" inatafsirika bila shida kuwa "kusema ni rahisi", lakini "simu rahisi" inaweza kueleweka kuwa ni simu isiyosumbua kutumia, na hapo tayari umempoteza msomaji.

Katika kazi, tazama kwanza nani anasema na anakusudia nini. Kwenye tangazo la nauli za ndege, "cheap" ni sifa njema. Likitangulia jina la malighafi, kama plastiki, mara nyingi ni dharau, na tafsiri yake ni "duni" au "hafifu". Mmarekani akimwita mtu "cheap" kwa kawaida anamaanisha bahili, yule tunayesema ana mkono wa birika. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri mwongozo wa kifaa cha umeme uliowaonya watumiaji dhidi ya chaja za "cheap", nami nikaandika "chaja za bei nafuu". Mhariri alinirudishia ukurasa huo akiwa amepiga mstari maneno hayo mawili, na alikuwa na haki, kwa kuwa nilikuwa nimemwonya mtu mwenye kipato kidogo aogope bei anayoimudu, ilhali hatari ilikuwa katika nyaya hafifu zinazoweza kuungua. Ilipaswa kuwa "chaja duni".

Kosa lako ni hilohilo likiwa limegeuzwa. Muuzaji anayetangaza bidhaa zake mwenyewe hawezi kuwa amekusudia kuzidharau. Andika "viatu vya watoto kwa bei nafuu", na kama tangazo linalenga vijana na mteja anaridhia lugha ya mtaani, "bei poa" itakubalika.