Maswali yenu ya ubongo na mwili: hapana, sio asilimia 10

Swali: Mtaalam, ni kweli binadamu tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Hapana. Na anayekuuzia kozi ya kuiamsha hiyo 90 anataka hela yako. Mara ya nne hii naulizwa.

Swali: Mbona nikijitekenya mwenyewe sicheki, mdogo wangu akinigusa tu niko hoi?

Hili ndo swali sasa. Ubongo ukiamuru mkono usogee unabaki na kopi ya hiyo amri, kwa hiyo serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, inakuwa ishajua mguso gani unakuja, ukifika makali yameshapunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa ubongo kina Sarah-Jayne Blakemore kule London walimpa mtu roboti, anaisukuma kwa mkono mmoja nayo inampapasa kiganja cha mkono wa pili. Ikimfuata papo hapo, wala. Wakiichelewesha hata sehemu ya 5 ya sekunde, anatekenyeka, na anayemtekenya ni yeye mwenyewe! Ni kama unaposhuka ngazi gizani ukidhani imebaki moja kumbe ushafika chini, mguu unagonga sakafu mpaka meno yanagongana, maana hesabu ilishapigwa. Nyie mnaosema kutembea ni misuli tu, misuli inatumwa jamani. Kwenye seli za neva kama bilioni 86 za ubongo, kama bilioni 69 ziko humo kisogoni, na shuleni tulipewa mstari mmoja tu, "inasaidia balansi".

Swali: Tuna mtihani, tukariri ile ramani ya kijitu chenye midomo na vidole vikubwa?

Kariri upate maksi. Kijitu hicho kinachorwa juu ya ubongo kuonyesha sehemu ipi inahusika na kiungo kipi. Penfield, daktari mpasuaji wa ubongo wa Montreal, na mwenzake waliitoa ramani hiyo 1937 baada ya kugusisha umeme kwenye bongo za wagonjwa waliokuwa macho wakipasuliwa, kazi ya maana, ila 2023 watafiti wa St. Louis walionyesha kwamba katikati ya eneo la mguu, la mkono na la mdomo kuna vipande vingine ambavyo haviendeshi kiungo kimoja, vinahusika na kupanga tendo la mwili mzima. Notisi zenu za zamani hazina hiyo.

Swali: Baba kapata kiharusi, picha inaonyesha damu imeganda kushoto ila kapooza kulia. Tulimkanda mafuta siku mbili tukidhani upepo mbaya. Si wamekosea kipimo?

Hawajakosea, njia nyingi za amri zinavuka upande kabla ya kuingia uti wa mgongo. Mliokosea ni nyie, samahani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu, sio siku mbili. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, tafuta gari, mafuta yaache jikoni. Kwa sasa mazoezi, kila siku, kitu kilekile mara nyingi, ndo ubongo unavyojifunza njia nyingine.

Swali: Babu mkono unatetemeka akikaa tu, akishika kikombe unatulia. Ni pombe za ujana?

Mwacheni na pombe zake. Kutetemeka kwa kupumzika hivyo kunatia shaka ya ugonjwa wa Parkinson, pale seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, zinapokufa taratibu, mpelekeni kwa daktari wa neva. Na muulizeni kama bado anasikia harufu ya chai, maana kwa wengi pua inatangulia kuharibika miaka kabla ya mkono.