Cusco iwekee siku za mwisho

Mama mwenye nyumba niliyofikia Cusco, mji wa milimani nchini Peru, alinipokea na kikombe cha majani ya koka, akanionyesha kitanda, kisha akaniambia kwa Kihispania cha polepole, kama anayesema na mtoto: leo lala. Nikaona ananipotezea siku. Asubuhi nilikuwa Lima, kando ya bahari kabisa; saa nane mchana nilikuwa napanda ngazi za mawe kwenda Sacsayhuamán, magofu ya ngome juu ya mji. Nusu ya njia nikakaa chini. Kichwa kinagonga, moyo unakimbia, pumzi haitoshi. Bibi mmoja mwenye kofia pana na mzigo wa majani mgongoni akanipita wala hahemi. Usiku huo nilitapika mpaka nikabaki na maji machungu tu.

Wenyewe wanauita ugonjwa huo wa mahali pa juu soroche. Cusco iko kwenye mita 3,400 hivi. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza hulala Mandara, kama mita 2,700, na amefika hapo kwa miguu. Cusco utaipata juu zaidi ya Mandara, baada ya kukaa kwenye ndege kwa muda usiofika saa mbili. Ujana wala mazoezi hayasaidii sana hapo. Kama una shida ya moyo au mapafu, muone daktari kabla hujakata tiketi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yanafuata humo: ukishuka uwanja wa ndege, usilale mjini. Patana bei na dereva kabla hujaingia garini, maana teksi za kule hazina mita, mteremke moja kwa moja hadi Urubamba au Ollantaytambo, kwenye mita 2,800 hivi. Ollantaytambo watu bado wanaishi ndani ya vichochoro vilivyopangwa na Wainka, waliotawala huku kabla ya Wahispania, na maji yanapita kwenye mifereji ya mawe mlangoni mwao. Treni ya kwenda Machu Picchu, yale magofu maarufu ya Wainka, unaipandia hapohapo, na Machu Picchu yenyewe iko chini zaidi, mita 2,400 na kitu. Zungukeni huko siku tatu nne. Mkirudi Cusco, mwili umeshazoea.

Na Cusco inataka mtu mwenye pumzi, kwa sababu ni mji wa kutazama kuta. Anza asubuhi na mapema katika uchochoro wa Loreto, unaotokea uwanja mkuu, kabla makundi hayajajaa. Nilisogeza uso karibu nikitafuta chokaa kati ya jiwe na jiwe, sikuiona. Ukuta wenyewe umelalia ndani kidogo, na milango ni mipana chini, myembamba juu. Juu ya kuta hizo Wahispania wakajenga za kwao: mapaa ya vigae, roshani za mbao. Mtaa wa Hatun Rumiyoc kuna jiwe maarufu la pembe kumi na mbili. Liangalie, piga picha, lakini mkono weka mfukoni.

Mahali pa kutumia saa nzima ni Qorikancha. Lilikuwa hekalu la jua, kuta zake zimevishwa dhahabu, nayo ikabanduliwa mwaka 1533 ili kumkomboa Atahualpa, mfalme wa Wainka, ambaye Wahispania walimuua hata hivyo. Wakajenga juu yake nyumba ya watawa ya Santo Domingo. Tetemeko la mwaka 1950 lilipopiga, majengo ya watawa yalibomoka vibaya, vyumba vya Wainka vikabaki vimesimama. Leo unaingia uani mwa watawa, matao ya Kihispania pande zote, na ndani yake unavikuta vile vyumba vya mawe.

Jambo la tiketi huwachanganya wengi. Ile tiketi ya pamoja, boleto turístico, inakuingiza Sacsayhuamán, Pisac na magofu ya Ollantaytambo, lakini si Qorikancha, si kanisa kuu, wala si Machu Picchu. Machu Picchu inunue mapema, hasa kwa safari ya Juni hadi Agosti. Miezi hiyo haina mvua, ila usiku baridi inakaribia kugandisha. Beba sweta la kweli, si kijaketi cha kupigia picha.

Kanisa kuu lipia tu. Ndani kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, wa karne ya 18, na katikati ya meza, mbele ya Yesu, kuna mnyama amelala chali kwenye sahani: simbilisi, wanasema wenyeji wengi. Wasomaji wangu wa Kivu, mnaomfuga na kumla, mjue ametokea milima hii. Mimi nilimla soko la San Pedro. Ngozi tamu, mifupa mingi. Viazi vya soko hilo ndivyo vilivyonimaliza: vya zambarau, vya njano, vilivyopinda kama tangawizi, na chuño, vilivyogandishwa na baridi ya usiku kisha vikakaushwa juani mpaka vikawa vyepesi kama kizibo.

Majani ya koka yaache hukohuko. Nchi nyingi ni marufuku, hata yawe ya chai.

Siku ya mwisho nilizirudia zile ngazi za Sacsayhuamán. Nilipumzika mara mbili, nikafika.