Faili la APK ulifuate wewe, lisikufuate

Simu yangu ya Android ina programu kadhaa ambazo hazikutoka Play Store; niliziweka kwa faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu, na sina mpango wa kuzifuta. Kisomeo changu cha vitabu nilikitoa F-Droid, ghala la programu huria lililopo tangu 2010. Signal, wenye programu ya kutumiana ujumbe, nao wanaweka APK yao kwenye tovuti yao wenyewe. Kwa hiyo simtishi mtu kwamba kila cha nje ni sumu. Ninachoangalia kwanza ni nani alianza: mimi nililifuata faili kwa mwenyewe, au faili limenifuata kwenye kundi la WhatsApp, kwa SMS ya mkopo wa haraka, au kwa "mpe na mwenzio"?

Wanaonikera zaidi ni hao wanaosambaza WhatsApp zilizochezewa, ziitwazo GBWhatsApp na FMWhatsApp. Watu wanazipenda kwa sababu zinaonyesha ujumbe uliofutwa. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba Triada, kirusi kinachoweza kuingiza programu nyingine na kumsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Salio linaisha, mtu anailaumu kampuni ya simu.

Kuna dalili moja ambayo wengi wanaipuuza. Kila APK ina sahihi ya kidijitali ya aliyeitengeneza, na Android haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani kama sahihi hazilingani. Ukigomewa hivyo, fundi atakwambia, "Futa kwanza ya zamani." Usifute! Jiulize kwanza kwa nini sahihi ni tofauti. Wakati mwingine jibu ni salama, maana programu nyingi za F-Droid hutiwa sahihi na F-Droid wenyewe. Lakini kama ni programu ya benki, achana nayo hapohapo.

Tangu Android 8, ruhusa ya kusakinisha kutoka nje hutolewa kwa kila programu peke yake. Mimi huipa kivinjari, nikimaliza naizima. WhatsApp na Telegram siwapi kabisa, kwa sababu huko ndiko mafaili ya ovyo yanakopita. Faili pia nalipitisha VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kwa antivirusi nyingi, ingawa kuonekana safi huko si hakikisho.

Kisha tazama linaomba ruhusa zipi. Programu ya tochi haina haja ya kusoma SMS, na SMS ndiko zinakoingia namba za kuthibitisha miamala. Ruhusa ya ufikivu (Accessibility) ni nzito kuliko zote: mwenye nayo anaweza kusoma kilichopo kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Kuanzia Android 13, simu huizuia ruhusa hiyo kwa programu nyingi zilizotoka nje. Mtu akikuelekeza kwa simu namna ya kuondoa kizuizi hicho, kata simu.

Kama tayari umeshaweka kitu unachokitilia shaka, zima data na Wi-Fi sasa hivi. Kikigoma kufutika, kiondoe kwanza kwenye orodha ya wasimamizi wa kifaa (device admin), au washa simu katika hali salama (safe mode) ndipo ukifute. Ukitumia simu nyingine, pigia benki yako na mtandao wako wa pesa uwaombe wazuie akaunti, na nywila zako zibadilishie hukohuko. PIN usiiguse kwenye simu yenye tatizo mpaka imesafishwa.