Presha ya oili kushuka kwenye kona

Unauliza kama oili nzito itazuia presha ya oili ya injini isishuke gari likikata kona? Hapana, haitasaidia. Geji ikianguka kwenye kona ndefu tu na kurudi gari likinyooka, ujue oili imekimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mdomo wa pampu unavuta hewa. Ukifunga pampu kubwa zaidi itavuta hewa hiyohiyo. Na usiendelee kukimbiza gari hivyo, tafadhali: beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) zikikosa oili injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu, sekunde chache zinatosha kuziua.

Anza na sampu yenye vigawanyio na vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, oili iwe kwenye alama ya juu ya kijiti. Wengine huongeza Accusump, yaani silinda yenye pistoni ndani, huku hewa yenye presha, huku oili. Presha ya injini ikishuka, hewa inaisukuma oili hiyo ndani. Inaokoa, ila kwa muda mfupi sana. Dawa kamili ni sampu kavu: pampu za kufyonza huondoa oili chini ya injini na kuipeleka kwenye tangi refu la pembeni, ambako mdomo wa pampu ya presha hubaki umezama hata kwenye kona kali. Formula 1 wanatumia mfumo huo, na Porsche 911 GT3 pia.

Kama presha iko chini hata barabara ikiwa imenyooka na injini imepata moto, hilo ni jambo jingine: kagua beringi zilizolika na vali ya kupunguza presha kwenye pampu.