SWALI: Nafanya kazi ya kudai madeni ya mikopo ya simu, mshahara wangu ni halali?

Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni binti niko Dar, nafanya kazi ofisi inayodai madeni ya mikopo ya mtandaoni. Asubuhi tunapewa majina na tageti, ukikusanya zaidi komisheni inapanda. Mtu asipopokea simu tunapigia namba zilizovutwa kwenye simu yake, mama, bosi wake, mpaka wakwe, na wengine picha zao tunarusha kwenye magrupu tumeandika TAPELI. Bosi wetu ni muislamu, anasema Mtume (s.a.w.) kahalalisha heshima ya asiyelipa. Baba anaumwa na dawa natoa mimi. Nifanyeje?

JIBU

Wa alaykum salaam binti yangu. Swali lako limeninyima usingizi, na hukmu yake wala sio ngumu, kilichoniuma ni huyo bosi kuichukua hadithi ya Mtume akaifanya rungu la kupigia masikini.

Deni lazima lilipwe, hilo halina mjadala, na kumdai mtu kwa niaba ya mwenye mali ni uwakala tu, hauna ubaya. Sasa hadithi yenyewe iko kwenye vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Nasai, inasema mwenye uwezo akichelewesha kulipa basi heshima yake na adhabu yake vinakuwa halali. Mwenye uwezo! Bosi sharti hilo kaliruka. Na hiyo heshima Sufyan, mwanachuoni wa zamani, kaieleza, Bukhari kainukuu kwenye kitabu chake, kwamba mdai aseme "umenichelewesha", na adhabu ni kufungwa, na anayefunga ni kadhi, sio kijana mwenye hedifoni. Picha na neno tapeli vimetoka wapi hapo? Asiye nacho yeye ana aya yake, Baqara 280, apewe muda mpaka apate, na kumsamehe ni bora zaidi.

Watasema tena "mwenye haki ana la kusema", ndiyo, ni hadithi sahihi, yule bwana alikuja kumdai Mtume ngamia kwa ukali, maswahaba wakataka kumshughulikia, Mtume akawazuia akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Lakini bwana yule alimsemesha mdaiwa mwenyewe usoni kwake, hakuzunguka Madina nzima kuwaambia watu. Mama mkwe wa mtu amekopa nini kwenu? Na msiniambie mteja alibonyeza kukubali masharti, mtu hawezi kuuza stara ya watu mia tatu waliomo kwenye simu yake, sio yake.

Hata serikali haiko na bosi wako. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo zisizo na leseni, tena ikitaja na hili la kuingilia faragha za watu. Ipo pia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Wenzetu Kenya kanuni zao za 2022 zinakataza wazi kabisa kupigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa.

Halafu kuna riba, na hapa sina namna ya kukulainishia. Mtume kamlaani mla riba, mlipaji, mwandishi na mashahidi wake wawili, akasema wote sawa, imo kwenye kitabu cha hadithi cha Muslim. Anayeikusanya yuko humo humo. Kwa hiyo kazi hii kama ulivyoieleza haifai, anza kutafuta nyingine leo, sio baada ya Ramadhani. Hali ya baba naielewa binti yangu, na dharura ina nafasi yake kwenye dini lakini inapimwa kwa kiasi chake. Hiyo ya kupigia ndugu na kurusha picha haina dharura yoyote, iache kuanzia simu ya kesho asubuhi hata kama tageti itaanguka.

Uliowaaibisha usiishie kusema astaghfirullah, haki ya mtu hairudi hivyo. Namba zao unazo, waombe msamaha, na kwenye magrupu uliyorusha picha rudi uandike kwamba yule sio tapeli, alikuwa na deni tu. Utaona aibu, najua, ila wao waliona zaidi.

Dawa za baba usizibebe peke yako. Nenda kwa imamu wa msikiti wenu uombe zaka, msione haya, masikini wametajwa kwenye Tawba 60 na wenye madeni wametajwa hapo hapo, kwa hiyo hata wale mnaowapigia kutwa wana fungu lao, ukiongea na mdaiwa aliyekwama mwelekeze huko. Mwenye kujua ofisi isiyo ya riba inayotafuta mtu wa huduma kwa wateja amwandikie huyu binti hapa chini.