Jibu: Maua ya kuta za Zalipie yalianzaje, na uende lini

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, umekwama mahali pawili: kwa nini wanawake wa kijiji cha Zalipie walianza kuchora maua ukutani, na ufike lini uyakute mabichi.

Anza na jiko. Nyumba za kijiji hiki, kusini mwa Polandi, kaskazini ya mji wa Tarnów, zamani hazikuwa na dohani. Moshi ulitokea kwenye tundu la paa, masizi yakagandamana ukutani, na wanawake wakayaficha kwa madoa ya chokaa. Yalipoingia majiko yenye dohani, mwishoni mwa karne ya 19, ukuta ulibaki safi na madoa yakageuka maua. Rangi zilikuwa za jikoni hasa: masizi, udongo na chokaa, vikikorogwa kwa maziwa au ute wa yai. Brashi ilifungwa kwa manyoya ya ng'ombe. Rangi ya namna hiyo haihimili mvua, kwa hiyo usitegemee kuona michoro ya wakati ule nje.

Kuhusu tarehe, shindano la kupamba nyumba liitwalo Malowana Chata (yaani "nyumba iliyochorwa") lilianza 1948, na tangu 1965 hufanyika kila mwaka, wikiendi inayofuata sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili wa Kristo. Hesabu siku 60 toka Pasaka, upate Alhamisi yake. Nenda mara tu baada ya hapo, maana kuta huchorwa upya kwa ajili ya shindano.

Nyumba zimetawanyika mashambani na watu wanaishi humo. Piga hodi kwanza. Kwa kuingia ndani, anzia nyumba ya Felicja Curyłowa, mchoraji maarufu wa kijiji hicho, ambayo sasa ni makumbusho.