Ukienda Worldcon, amka mapema ukatembee na waandishi

Wanaoniuliza kuhusu Worldcon wengi hutaka habari za tuzo za Hugo, zinazotolewa huko kwa kazi bora, au jinsi ya kupata saini ya mwandishi wampendaye. Mimi huwaambia jambo ambalo hawakuuliza: tafuta raba nzuri, lala mapema, na uwahi matembezi ya asubuhi.

Kwa asiyeijua, Worldcon ni kongamano la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi na za kifantasia. La kwanza lilifanyika New York mwaka 1939, na tangu hapo limekuwa likihama mji hadi mji kila mwaka, ukiondoa ile miaka ya vita, 1942 hadi 1945. Siku hizi huchukua siku tano na hukusanya maelfu ya watu. Mijadala huendeshwa katika kumbi nyingi kwa wakati mmoja, hivi kwamba ukichagua mmoja umeshaikosa mingine kumi. Mgeni aliyekuja peke yake anaweza kuzunguka siku nzima asiseme na mtu neno la maana. Mwandishi unamwona kwa mbali jukwaani. Ukimkaribia kwenye meza ya saini, nyuma yako kuna msururu wa watu wamekukodolea macho, unataja jina lako, anaandika, basi. Vipo vikao vidogo vya mwandishi mmoja na watu wachache mezani, na ni vizuri mno, ila vinahitaji kujiandikisha na nafasi huisha upesi.

Matembezi hayana mambo hayo. Kwenye ratiba utayakuta kwa jina la Stroll with the Stars, yaani matembezi na nyota. Yalianza Denver, Marekani, mwaka 2008 na makongamano kadhaa ya baadaye yakayarithi. Utaratibu wake ni mwepisi: asubuhi, kabla ya mijadala kuanza, watu hukutana mahali palipotajwa, waandishi kadhaa, wahariri na wachoraji wakiwemo, kisha kundi zima linatembea polepole kwa muda wa saa moja hivi na kurudi. Hulipi kitu zaidi ya kiingilio cha kongamano, wala hakuna orodha ya kujiandikisha.

Mimi nilitembea Glasgow, Scotland, Agosti 2024. Kongamano lilikuwa katika kumbi za mikutano za SEC, kando kabisa ya mto Clyde, na ukitoka nje tu unakutana na kreni kubwa ya Finnieston. Kreni hiyo imesimama pale tangu miaka ya 1930, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupakia melini vichwa vya treni vilivyoundwa Glasgow na kupelekwa ng'ambo. Haifanyi kazi tena, lakini hawajaibomoa.

Mama mmoja mwandishi wa riwaya, ambaye vitabu vyake nimevisoma, alikuwa ameinua kichwa kuitazama. Nikamwambia kwamba treni za mvuke za aina iliyoitwa daraja la 29, za shirika la reli la Afrika Mashariki ziliundwa katika mji huu huu, miaka ya 1950, zikapewa majina ya makabila ya kwetu, na kwamba babu yangu alizitengeneza katika karakana ya reli Nairobi. Akasimama. Akataka kujua majina yenyewe. Akauliza babu alikuwa akirudi nyumbani akinuka nini. Nikamwambia mafuta mazito na sabuni ya mche, na kwamba bibi hakumruhusu kuketi kwenye kiti chochote mpaka aoge. Alicheka sana, kisha akaniuliza kama nimeshaliandika hilo popote. Kitabu chake hatukukigusa hata kidogo, na mpaka leo tunaandikiana.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huo: nenda na jambo lako. Waandishi hawa husifiwa kutwa nzima, na sifa ukishazisikia mara hamsini zinakuwa kama salamu za lifti. Ukiwa na habari ya kwenu, ya kazi yako, ya mdudu unayemchunguza maabara, hiyo ndiyo itakayomfanya akugeukie. Watu hawa riziki yao ni udadisi.

Sisi tuna shida moja ya ziada, nayo ni heshima. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa, kumwita mwalimu au mzee, kungoja mpaka tusemeshwe. Kule utamsikia kijana wa chuo akimwita mwandishi mwenye mvi kwa jina lake la kwanza, na mvi zenyewe hazishtuki. Huna haja ya kujilazimisha. Soma beji yake, mwite kwa jina lake kamili, atakurahisishia mwenyewe. Lakini usingoje kusemeshwa, maana utafika mwisho wa safari bado unangoja. Kutembea bega kwa bega kunasaidia: hamtazamani usoni, na mkikosa la kusema kuna mto, kuna daraja, kuna mbwa wa mtu.

Muswada uache hotelini. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimemwona mtu akiutoa kwenye mkoba katikati ya daraja, na nimeona jinsi mwandishi alivyoanza kutembea haraka. Vitabu vya kusainiwa navyo vina saa yake. Picha omba kwanza, upige mwisho wa matembezi. Na ukishaongea na mtu dakika chache, mpishe. Rudi nyuma kidogo, utamkuta mwingine. Kila mara nilipobaki nyuma niliwakuta watu wenye hadithi tamu kuliko walioko mbele wakimzunguka nyota wa siku hiyo, wakiwemo mashabiki wazee waliohudhuria makongamano tangu ujana wao.

Kuhusu mavazi sina mengi: Agosti ya Scotland si Agosti ya Mombasa, beba koti la mvua. Kunywa chai kabla, kwa sababu saa moja ya kutembea na tumbo tupu katika upepo ule ni adhabu.

Mwendo wenyewe ni wa kobe, hata asiye na mazoezi anaumudu. Lakini kama unatumia kiti cha magurudumu au goti linakusumbua, waulize waandaaji mapema njia ina ngazi ngapi. Kando ya Clyde ni tambarare, na niliwaona wenye viti wakienda sambamba na wenzao bila taabu. Si kila mji uko hivyo. Wako watu walioomba Worldcon ya 2028 ifanyike Kigali, na waliponiomba maoni baadhi ya marafiki, nilisema watembeaji hawatakosekana: mji ule hufunga barabara kwa magari baadhi ya Jumapili asubuhi ili watu wakimbie na kutembea. Ila vilima vile! Popote Afrika Mashariki litakapokuja kongamano hili, anayepanga matembezi aipite njia yote kwanza akisukuma kiti cha magurudumu chenye mtu, ndipo aiandike kwenye ratiba.